Mkono Ulioroweka Nyama

Nilizaliwa Mtanda, Lindi mjini, nikalelewa Milola kwa babu yangu mkulima, na kilichonitoa kwa baba kikanipeleka kwa babu ni nyama ya mbuzi. Wanaonijua hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Hadi leo, nikikaa kwenye tafrija ufukweni nikamsikia mtu anawaambia wageni kwamba siri ya mishkaki laini ni papai bichi, natamani kumnyang'anya pepeo mkononi na kumfukuza motoni. Papai si siri. Papai lina adabu zake, na asiyezijua heri atafune nyama ngumu. Mama yangu alizijua, na malipo aliyopata kwa kuzijua ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana waliokuwapo siku ile karibu wote wamekwisha kufa, na nimechoka kusikia ikisimuliwa kama kichekesho.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Baba alikuwa na duka dogo la mchele, mafuta ya taa na kanga, na nyumba yetu ilikuwa ya ukoo wake, watu wa pwani wa tangu na tangu, wenye ndugu Kilwa na makaburi Kilwa, na ambao hawakuacha siku ipite bila kuitaja Kilwa. Mama alitoka Milola. Baba alimwona alipokwenda huko kununua ufuta, akamposa, akamwoa kwa ndoa halali mbele ya mashahidi. Hilo nalisema mapema kwa sababu mtu angetazama jinsi alivyotendewa angedhani aliokotwa njiani.

Aliyeshika nyumba ni shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyerudi kwao baada ya kuachika. Shangazi alimsusa mama tangu siku alipovuka kizingiti. Hakumtukana, hakumpiga, hakumnyima chakula. Hakusema naye tu. Kila alichotaka kumwambia alikipitisha kwangu. Mama amesimama na ungo mkononi, karibu kabisa, shangazi ananigeukia: "Mwambie mama yako mchele una mawe." Nami namgeukia mama: "Shangazi anasema mchele una mawe." Na mama, aliyelelewa kwa adabu kuliko wote waliokuwa wakimwita mshamba, ananijibu mimi kwa upole: "Mwambie shangazi yako nitauchagua tena." Nilikuwa posta ya nyumba ile. Nilidhani nyumba zote zina posta.

Mama alipika kila siku ya Mungu, na kila siku ya Mungu walikula wakaramba vidole. Lakini ikifika siku ya wageni, uungwana ulipanda kichwani. Mama alisaga, alitwanga, alikuna nazi, alichochea moto, na chakula kikikaribia kuiva shangazi alijitokeza na kanga mpya, akafunua chungu, akatia chumvi ya mwisho. Chumvi ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikikifanya chakula kiwe chake. Wageni waliambiwa, "Kapika bibi mkubwa," na mama alikuwa jikoni akisugua masizi. Nyama ndiyo kabisa, hakuruhusiwa hata kuigusa mbele za watu. Eti mkono wa bara hauna baraka kwenye nyama ya karamu. Ningependa kujua aya ya wapi inasema hivyo.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia kaskazi, kipindi cha joto kali, na shangazi alikuwa na jambo lake. Mjane wa mjomba wao, aliyekaa Kilwa, alikuwa na binti wa kuozwa. Shangazi alimwita yule mjane mkaza mjomba, sisi watoto tukimwita bibi wa Kilwa. Shangazi alitaka binti yule aolewe na baba, awe ndiye mke wa nyumba, mwenye funguo za kabati na mwenye kuwapokea wageni. Mama angebaki alipokuwa, jikoni, ila sasa kwa jina na kwa desturi, si kwa uonevu tu. Bibi wa Kilwa hakukataa, hakukubali. Alisema atakuja kwa vunja jungu, ale na ndugu zake, aitazame nyumba, kisha atoe jibu.

Vunja jungu kwetu ni karamu ya mwisho kabla ya mwezi wa toba. Watu hutoka majumbani mchana na vyungu vyao, wakaenda ufukweni au mashambani, wakapika, wakala, wakacheka, kwa sababu siku zinazofuata mchana ni wa njaa. Nyumba yetu ilikuwa na sifa ya mishkaki kila vunja jungu. Sifa ya nani, nimekwisha sema.

Asubuhi moja uani, mama akipepeta mtama, baba alichuchumaa karibu naye. Nilikuwa nafua kitambaa changu pale pale na hakuna aliyenijali.

"Safari hii nyama utairoweka wewe," baba alisema. "Tangu kukata hadi kuchoma. Nimeshamwambia dada."

Mama akasimamisha ungo. "Amekubali?"

"Nyumba ni yangu. Wakionja mkono wako mbele ya bibi wa Kilwa, maneno yote ya kuoa yatakwisha. Watakuona wewe ni nani."

Mama aliutikisa ule ungo kwa nguvu mpya, na makapi yaliruka mpaka kwenye beseni langu. Alimwamini. Hilo ndilo linaloniuma hata leo nikiwa bibi kizee. Alimwamini mwanamume yule kama watu wanavyoamini kwamba kesho jua litatoka.

Mbuzi aliyenunuliwa alikuwa beberu mzee, mgumu, na nina hakika shangazi alimchagua kwa makusudi. Mama hakulalamika. Jioni ya kuamkia karamu alikaa na kisu akaikata nyama kwa kukatiza nyuzi zake, vipande vidogo vya kulingana, na mafuta yake akayaweka kando ili yatungwe pamoja na nyama isiyo na mafuta. Akatwanga kitunguu saumu na tangawizi pamoja na chumvi ya mawe mpaka vikawa uji. Akakaanga binzari nyembamba kwenye kikaango kikavu mpaka mtaa mzima ukapiga chafya. Akaloweka ukwaju kwenye maji ya vuguvugu, akaukamua, akauchuja. Pilipili akazipasua, akazitoa mbegu, kwa sababu alisema pilipili ni ya kuamsha ulimi, si ya kuuadhibu. Vyote hivyo akavisugua kwenye nyama kwa mikono miwili, taratibu, kipande kwa kipande, akaifunika kwa jani la mgomba na kuilaza kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi, palipokuwa na baridi.

"Na papai?" nilimuuliza.

"Papai kesho," alisema. "Papai halilali na nyama. Kwa joto hili, tunalitia wakati wa kutoka nyumbani, kidogo tu, na makaa yakishika tu nyama inapanda motoni. Ukilizidisha, nyama hailainiki, inakufa mara ya pili."

Kweli asubuhi alichukua kipande kidogo cha papai bichi, akakifuta utomvu, akakiponda na kukichanganya vizuri na nyama. Akafunika bakuli. Akaenda kuoga na kujifunga kanga aliyonunuliwa na baba kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa sikilizeni uungwana. Mama hajamaliza kujimwagia maji, shangazi akaingia jikoni. Akafunua bakuli, akanusa, akakunja uso. Angekuwa mtu anayesema na mwenziwe, angeuliza: wifi, umeshatia papai? Neno moja tu. Lakini alikuwa amesusa, na kwa kuwa amesusa hakuwa na wa kumuuliza. Akachukua nusu nzima ya papai lililobaki, akaliparuza, akalimwaga lote kwenye nyama.

"Shangazi," nikasema, "mama ameshatia papai."

"Nani kakuuliza?"

"Amesema likizidi nyama itakufa."

"Mwambie mama yako," akasema, kisha akakumbuka kwamba safari hii hataki ujumbe ufike. "Nyamaza. Watu wa bara wanajua nini kuhusu papai? Ikitoka laini, watajua imelainishwa na nani."

Ile ilikuwa chumvi yake ya mwisho. Alikuwa anajitengenezea neno la kusema mbele ya wageni. Nami nilipotoka mbio kwenda bafuni kumwambia mama, alinishika sikio akanituma dukani kwa baba kufuata kiberiti, na mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, akapishana nami mlangoni akiingia jikoni. Mama mdogo alikuwa mtu wa kumfuata shangazi kama mkia. Niliporudi nilimkuta ananawa mikono, na maganda mengine ya papai yako jaani. Naye hakumuuliza shangazi, kwa sababu alitaka sifa bila shangazi kujua, na hakumuuliza mama, kwa sababu shangazi hasemi na mama. Hivyo ndivyo nyumba yenye wanawake watatu wanaojua kupika ilivyomlowesha beberu mmoja kwenye papai mpaka akasahau kuwa alikuwa na mifupa.

Nilimwambia mama njiani. Tulikuwa tumeshatoka, bakuli liko kichwani kwa mama mdogo, jua limesimama juu yetu. Mama alisimama, akafumba macho kidogo, akaendelea kutembea. "Labda hawakutia mengi," alisema.

Ufukweni, chini ya mivinje, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Bibi wa Kilwa alikuwa amekaa katikati, mwanamke mnene mwenye sauti nzito na hina nzuri. Tulimwendea mmoja mmoja. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Mama naye alimwamkia, akaitikiwa, akaambiwa na shangazi kupitia kwangu kwamba maji ya kunawa hayajaletwa. Baba alikuwa na wanaume, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na alimtazama mama akatabasamu. Nilifurahi kumwona anatabasamu. Nilikuwa mtoto.

Mama alikuwa ameleta pia kikapu cha korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, zawadi ya babu kutoka Milola kwa wageni. Babu alituma zile korosho nyeupe nzima nzima, za kuchagua. Shangazi alizisukuma nyuma ya gunia la makaa. "Mwambie mama yako hatuwawekei watu wa Kilwa vitu vya shamba," aliniambia, na akasahau kwamba pilau lake lilikuwa la mchele wa shamba na nyama yake ya mbuzi wa shamba, na yeye mwenyewe asingejua shamba lilipo kama si kula vinavyotoka huko. Nyani haoni kundule.

Kwa mishkaki alikuwa ameleta fahari mpya. Fundi wa baiskeli mjini alikuwa amemkatia spoki, zile nyaya za magurudumu, na kuzichonga ncha. Zilimetameta juani kama vitu vya dukani. Mama alisema, kwa kupitia kwangu, kwamba waya ni mwembamba na mviringo, nyama laini haitashika, bora vijiti. Jibu lilikuwa kwamba vijiti ni vya watu wasio na spoki.

Baba mdogo alitunga, akapanga juu ya makaa, akapepea. Kwa muda mfupi harufu ilikuwa ya peponi. Ukwaju ulichemka, mafuta yakadondoka na kuwaka, wageni wakageuza shingo. Kisha alinyanyua spoki ya kwanza ili aigeuze, na waya ulitoka mtupu. Nyama ilibaki imelala kwenye makaa kama matope. Akajaribu ya pili. Ikaachia nusu na nusu. Ya tatu akaishika kwa mikono miwili kama anayebeba yai, ikamdondokea yote miguuni mchangani. Wanaume wakaanza kucheka. Bibi wa Kilwa hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Shangazi alisimama. Alipandisha sauti ili isikike hadi kwa wanaume. "Jamani, mtusamehe. Leo nyama tulimwachia mtu wa bara airoweke. Ndugu yangu ndiye aliyetaka."

"Mmetia papai nyinyi!" nilipiga kelele. "Mama alitia kidogo, nyinyi mkatia!" Mama mdogo akanifinya ubavuni mpaka nikakosa pumzi, na watu wazima wakageuza nyuso kama wanavyofanya mtoto anapojisaidia mbele ya wageni. Hakuna aliyeuliza hata mmoja: mtoto huyu anasema nini? Baba alikuwa amesikia. Niliona kwamba amesikia, maana shingo yake iliinama.

Mama alitoka nyuma ya gunia la makaa. Akafunua bakuli, nyama nyingi bado ilikuwamo. Akachukua kipande, akakisaga kati ya vidole, akakinusa. Alijua palepale. Angeweza kusema. Angeweza kulimwaga lile bakuli miguuni kwa shangazi, na mimi ningemshangilia mpaka leo. Badala yake alikunja kanga yake ile mpya, akaniambia nimletee panga.

Kulikuwa na makuti makavu na mabichi yameanguka pembeni. Alichagua kuti bichi, akalipasua upongoo, ule uti mgumu wa katikati, akauchonga vipande bapa vyenye upana wa kidole, akavitumbukiza kwenye maji ya bahari. Korosho za babu akazimimina kwenye pindo la kanga, akafunga, akaziponda kwa jiwe mpaka zikawa unga wenye mafuta. Akachanganya unga ule na nyama iliyolegea, akatia kitunguu alichokatakata hapo hapo, akaukanda kama mtu anayekanda maandazi. Kisha akachukua kijiti bapa, akakivika nyama kwa kiganja kilicholowa maji, akaibana, akaacha alama za vidole vyake juu yake. Akafanya kingine, na kingine. Hakuzitupa spoki. Alizipanga juu ya makaa zikawa wavu wa kulazia vile vijiti, na hilo lilinichekesha hata katika hasira yangu.

Nyama haikuanguka. Korosho ziliishika, upongoo mbichi ukaitia mvuke kwa ndani, juu ikakauka na kuwa na ganda la rangi ya kahawia, ndani imebaki na maji yake. Vicheko vya wanaume vilikwisha taratibu. Mtu mmoja aliomba aonje kimoja kabla ya wengine, kisha akaomba cha pili bila kujifanya anaonja. Ilipofika sahani kwa bibi wa Kilwa, alikula kijiti chake kimyakimya hadi mwisho. Akaramba kijiti. Akachukua kingine. Mikekani kukawa na kimya kile cha watu wanaokula vizuri.

Kisha bibi wa Kilwa alinawa, akajifuta, na akauliza kama anavyouliza mgeni mwenye adabu ili ajue dua yake ampelekee nani.

"Mkono wa nani huu?"

Mimi nilifungua kinywa. Mama, aliyekuwa amechuchumaa karibu yangu, alinishika mkono akaubana kwa nguvu. Hakuwa ananizuia kwa kuogopa. Alikuwa anamtazama baba. Ile ilikuwa zamu ya baba, na mama alitaka aichukue mwenyewe.

Shangazi alimwahi. "Mkono wa nyumba, mkaza mjomba," alisema. "Ni mkono wa nyumba hii tu. Sisi wote."

Watu walikuwa wamemwona mama akichonga, akiponda, akikanda mbele ya macho yao. Mikono yake bado ilikuwa na masizi na mafuta. Nilimtazama baba. Watu wengi walimtazama baba. Alikizungusha kijiti chake mkononi, akakitazama upande huu na upande ule, akasema, "Alhamdulillah, tumekula."

Alhamdulillah, tumekula! Ndiyo yote aliyokuwa nayo. Nimemswalia baba yangu jeneza lake, na namwombea kila Ijumaa, lakini neno lile sijamsamehe na sijui kama nitaliacha duniani nikiondoka.

Bibi wa Kilwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi nyumba yenye mkono kama huu," alisema, "mwanangu nitamleta bila wasiwasi. Hatalala njaa." Shangazi akapiga kigelegele, mama mdogo akapokea, na wanawake wote ufukweni wakaitikia kama desturi, wengine bila kujua wanashangilia nini.

Naomba mtu mwenye akili anieleze hesabu hii. Nyama ingeachwa mchangani, bibi wa Kilwa angeshika njia ya mwambao akarudi kwao, binti yake akaolewa na mtu mwingine, na mama yangu angebaki mke wa mumewe. Ni mama mwenyewe, kwa mkono wake na korosho za baba yake, aliyempikia mke mwenzake mahari. Watu huniambia: tenda wema nenda zako. Wanaosema hivyo nimegundua kwamba mara zote ndio waliotendewa wema. Shukrani ya punda ni mateke, na angalau punda hasemi yeye ni mwungwana.

Ramadhani ilipita. Mama alifunga, alipika futari, alipika daku, aliitikia salamu. Siku moja alasiri baba alikuja uani akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa na hali ya mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakukosea.

"Hakuna anayekufukuza," alimwambia. "Utakaa papa hapa. Yule ni binti mdogo, hajui jiko. Utamfundisha."

Mama alikuwa anachambua mchicha. "Ulikuwa na kinywa siku ile, mume wangu. Kwa nini hukusema?"

"Ningemwaibisha dada mbele ya wageni."

"Na mimi?"

Baba alishangaa kwa dhati. Naweza kuapa kwamba alishangaa. "Wewe si mgeni," alisema. "Wewe ni mtu wa nyumbani."

Mama alimaliza kuchambua mchicha. Akaukata, akaupika, jua lilipozama tukafuturu. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Harusi ilipangwa baada ya Idd. Asubuhi yake nyumba ilijaa watu wa Kilwa, mbuzi walikuwa wameshachinjwa, na nyama imerundikwa uani kwenye mabeseni makubwa yaliyofunikwa kwa majani. Bibi wa Kilwa alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake wote kuhusu ile mishkaki ya vijiti bapa. Walikuwa wanaisubiri. Shangazi alikuwa amependeza kwa kanga na dhahabu, anakimbia huku na huku, na aliponiona akanishika bega.

"Mwambie mama yako aje aroweke nyama. Afanye hima, jua linapanda."

Nikaenda chumbani kwa mama. Alikuwa amekunja mkeka wake, ameufunga kwa kamba ya ukindu. Nguo zetu, zake na zangu, zilikuwa kwenye tita moja. Juu ya tita alikuwa ameweka kinu chake kidogo cha kutwangia viungo, kile alichokuja nacho kutoka kwao.

"Shangazi anasema uende ukaroweke nyama," nilisema.

Aliinua uso. Sijawahi kumwona ametulia namna ile. "Mwambie shangazi yako kwamba mbele ya wageni alisema mkono ni wa nyumba. Basi nyumba iroweke."

Nilirudi mbio. Nilisimama uani, katikati ya wanawake wa Kilwa, nikafikisha neno kwa neno, kwa sauti ya juu kabisa, na nathubutu kusema kwamba posta haijawahi kufanya kazi yake kwa furaha kama ile. Wanawake wakatazamana. Bibi wa Kilwa akaacha kutafuna tambuu. Shangazi alibadilika rangi, akanipita, akaenda kwa miguu yake hadi mlango wa chumba cha mama, mlango ambao hakuwahi kuusogelea miaka yote ile. Nilimfuata.

Mama alikuwa anainua tita kichwani.

"Wifi," shangazi alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akimwita jina lolote. Sauti ilimtoka imepasuka kidogo, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. "Wifi yangu, watu wamekuja. Nakuomba. Usituaibishe."

Mama alilisawazisha tita, akanishika mkono, akanigeukia mimi. Hakumtazama shangazi, ingawa wakati huo kanga zao zilikuwa karibu kugusana mlangoni.

"Mwambie shangazi yako," alisema, "njia ya Milola ni ndefu, na jua limeshapanda."

Nikainua uso wangu kwa shangazi, aliyekuwa amesimama pale pale mbele yetu, nikamwambia.